Hewa Isiyo Mahali Pake

Miongoni mwa makosa yanayofanywa na mwenye gari la dizeli anapolihudumia mwenyewe uani, lililozoeleka mno ni kubadilisha filta ya dizeli na kuacha hewa ndani ya mfumo wa mafuta. Kazi yenyewe ni nyepesi. Filta kuukuu hufunguliwa, mpya hupakwa dizeli kidogo kwenye mpira wake, hukazwa kwa mkono, vidole hupanguswa kwa kitambaa, ufunguo huzungushwa. Injini huitika mara moja, kwa kuwa pampu bado ina akiba ya dizeli tumboni. Kisha hukohoa, sauti hushuka, mngurumo hukatika. Baada ya hapo starta huzunguka bila jibu. Aliyefanya kazi husimama na spana mkononi akitafuta kilichovunjika na asikipate. Filta ni mpya. Dizeli ni safi. Betri ina nguvu zake. Hata hewa iliyoingia ni hii hii inayompa kila kiumbe uhai. Kila kilichomo ndani ya chuma kile ni chema, ila kimoja kimekaa mahali pa kingine, na hilo peke yake limetosha kulinyamazisha gari zima.

Ajabu ni kwamba injini ya dizeli, kuliko injini nyingine yoyote ya barabarani, huishi kwa hewa. Injini ya petroli huwashiwa moto kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Pistoni hupanda, vali zimefungwa, na hewa iliyovutwa hubanwa hadi ikose pa kukimbilia. Katika injini ya 1HZ, ile ya silinda 6 na lita 4.2 ambayo tangu mwaka 1990 imekuwa ikiendesha Land Cruiser za hospitali za misheni, za hifadhi za wanyama na za miradi ya maji kutoka Karamoja hadi Katavi, hewa hubanwa mpaka ikabaki chini ya sehemu moja ya ishirini ya ukubwa ilioingia nao. Kubanwa huko huipandisha joto kupita nyuzi 500 za Selsiasi. Hapo noseli hupuliza dizeli kwa ukungu mwembamba, na ukungu ule ukikutana na hewa iliyochemka huwaka wenyewe. Moto unazaliwa na mbano. Msafara mzima wa magunia ya mahindi, wa wagonjwa na wa watalii, usiku na mchana, unategemea hewa iliyokubali kubanwa.

Rudolf Diesel, aliyezaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi Wajerumani, aliijenga fikra yake yote juu ya mbano huo. Injini aliyoihangaikia kiwandani Augsburg ilipopimwa rasmi mwaka 1897 iligeuza zaidi ya robo ya nishati ya mafuta kuwa kazi, wakati mashine za mvuke za enzi ile zilipoteza sehemu kubwa zaidi kwa joto na moshi. Lakini Diesel hakuwa na pampu iliyoweza kuyasukuma mafuta peke yake kuishinda hewa iliyobanwa kiasi kile. Aliyapuliza kwa hewa nyingine, iliyobanwa zaidi na kompresa iliyosimama kando ya injini. Hewa ndiyo iliyoyabeba mafuta mgongoni na kuyaingiza motoni. Kompresa ile ilikuwa nzito na yenye usumbufu, ndiyo maana kwa miaka mingi injini za dizeli zilibaki viwandani na melini. Ziliteremka barabarani kwa wingi baada ya kampuni ya Robert Bosch ya Stuttgart kuanza, mwaka 1927, kutengeneza pampu ya kusukuma dizeli yenyewe bila msaada wa hewa. Tangu hapo hewa ilifukuzwa kwenye njia ya mafuta. Iliyokuwa mchukuzi ikawa mgeni asiyetakiwa, na kila anayefungua filta leo anaifungulia mlango uliofungwa karibu karne moja iliyopita.

Kisa cha kufukuzwa kwake ni kile kile kinachoifanya itakiwe ndani ya silinda: hewa hubanika. Dizeli, kama vimiminika vingine, haikubali kubanwa ila kwa kiasi kidogo mno. Pampu inapoisukuma kwa upande mmoja wa paipu nyembamba ya chuma, msukumo hufika upande wa pili papo hapo, na noseli, ambayo hata katika injini za zamani hungoja presha ya zaidi ya baa 100 ndipo ifunguke, hutii. Weka tone la hewa katikati ya paipu hiyo na utiifu unakwisha. Mchi wa pampu, ambao kila safari husogea milimita chache tu, hulibana tone la hewa, tone husinyaa, mchi ukirudi, tone hutanuka tena. Ni kama kusukuma mlango mzito kwa kuutanguliza mto wa sufi: nguvu yote huishia ndani ya mto. Kazi imefanyika, joto kidogo limetoka, na mlango haukusogea hata unywele. Mtu anayezungusha starta kwa dakika nzima katika hali hii hapungukiwi na bidii. Bidii yake yote inamezwa njiani, mahali asipopaona.

Hapo ndipo kosa dogo hupata nafasi ya kuzaa makubwa, na waliotangulia walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzungushaji huzidisha kuzungusha. Starta, ambayo imeundwa kwa kazi ya sekunde chache na mapumziko marefu, hupata moto mpaka nyaya zake za ndani zikaungua. Betri huisha. Pampu ya aina ya kuzunguka, iliyofungwa kwenye 1HZ na katika Hilux nyingi za zamani, haina oili yake. Hulainishwa na dizeli ile ile inayoisukuma, kwa hiyo kila mzunguko mkavu ni chuma juu ya chuma kilichochongwa kwa usahihi usioonekana kwa macho. Kisha hufika mshauri wa pembeni akiwa na kitambaa kilicholowa petroli, au kopo la dawa ya kupuliza, akitaka mvuke wake uvutwe kupitia bomba la hewa ili injini ishtuke. Inafaa isemwe wazi kwamba ushauri huo ni wa hatari. Katika injini yenye plagi za kupasha joto, mvuke wa namna hiyo unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado njiani kupanda, na kupasua kilichokuwa kizima. Na baada ya mshauri huja mfuko: noseli huteremshwa, pampu hupelekwa kupimwa, betri mpya hununuliwa. Kila kifaa kinashukiwa kwa zamu. Kosa la mpangilio likitibiwa kana kwamba ni ugonjwa wa kifaa, hugharimu bei ya vifaa vyote, na gari linabaki palepale.

Dawa yenyewe huanza kwa kurudi mahali palipofunguliwa. Filta hufunguliwa tena na kichwa chake hutazamwa kwa mwanga wa kutosha, kwa kuwa mara nyingi mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda pale juu, mweusi juu ya weusi, na mpira mpya hukazwa juu yake. Mipira miwili iliyolaliana haishiki. Hupitisha hewa hata ikiwa imekazwa kwa nguvu za watu wawili, na kukaza zaidi huiharibu zaidi. Mpira wa ziada ukiondolewa na uso wa chuma ukifutwa, filta hurudishwa na kukazwa kwa mkono kwa kiasi kilichoandikwa ubavuni mwake. Wengine huijaza dizeli kwanza ili kupunguza hewa, na hilo lina adabu yake: dizeli imiminwe kwenye matundu madogo ya pembeni, ambayo ni mlango wa mafuta machafu, kamwe isimiminwe kwenye tundu la katikati. Ikimiminwa katikati inakwenda kwenye pampu bila kuchujwa, pamoja na chochote kilichokuwamo kwenye dumu. Aliyefanya hivyo atakuwa amesahihisha kosa moja na kutia lingine lisilosikika kwa miezi.

Kisha hufuata kutoa hewa, na hapa ndipo mikono inapofundishwa utulivu. Juu ya kichwa cha filta, katika magari mengi ya kizazi hicho, kuna pampu ndogo ya mkono, kitufe kipana cha kusukuma kwa kiganja. Mwanzoni kitufe huzama bila upinzani wowote, kwa kuwa kinachosukumwa ni hewa tupu. Palipo na skrubu ya kutolea hewa, hulegezwa kidogo na kitambaa huwekwa chini yake. Kwanza husikika mnong'ono, kisha hutoka povu jeupe, kisha povu lenye mapovu makubwa makubwa yanayopasuka, na mwisho dizeli safi isiyo na doa. Skrubu hukazwa wakati kiganja kingali kimekandamiza, kwani kiganja kikiachia kwanza, tundu huvuta hewa na kazi huanza upya. Kusukuma huendelea mpaka kitufe kigome. Ugumu huo chini ya kiganja ndio ushahidi wa kwanza kwamba njia imejaa, na hauna haja ya chombo cha kupimia. Anayetaka kuufikia kwa haraka haufikii. Kuna idadi fulani ya misukumo ambayo kila gari huitaka, kulingana na urefu wa paipu zake na kiasi cha hewa kilichoingia, na gari halikubali punguzo.

Ikiwa hewa imekwisha kupita pampu na kuingia katika paipu za noseli, kazi huendelea mbele. Nati za paipu hizo, upande wa noseli, hulegezwa nusu mzunguko, plagi za kupasha joto hupewa muda wake, na mtu wa pili hupiga starta kwa vipindi vifupi huku wa kwanza akitazama, uso wake ukiwa mbali na mikono yake mbali na mikanda na feni. Dizeli huanza kuchuruzika kwenye nati moja, kisha nyingine. Kila inayotoa dizeli isiyo na povu hukazwa. Silinda ya kwanza hushika kwa mshindo mmoja mzito. Ya pili hujiunga. Injini huyumba juu ya viti vyake, moshi mweupe wa dizeli isiyoungua hufuka nyuma, na kwa muda kidogo mngurumo huwa na mapengo ambayo sikio huyasikia wazi kuliko mngurumo wenyewe. Halafu mapengo hujaa, moja baada ya moja. Ni wachache wanaofanya kazi hii wakabaki bila kutabasamu pale silinda ya mwisho inaposhika, na tabasamu hilo ni la haki, kwa maana hakuna kilichonunuliwa, hakuna kilichoongezwa. Hewa imerudi ilikotakiwa, dizeli imerudi ilikotakiwa.

Magari mapya yana sharti tofauti, na atakayehamishia kwayo desturi ya nati zilizolegezwa anahatarisha mwili wake. Katika mfumo wa komoni reli dizeli hukaa ndani ya bomba la chuma kwa presha inayoweza kupita baa 1,500, na katika mingi hufika 2,000. Uzi wa dizeli unaochomoka kwa presha hiyo hupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano na halitoi damu nyingi, lakini dizeli imekwisha kusambaa ndani ya nyama. Mtu wa namna hiyo hupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama bado anacheka. Kwa magari haya nati za presha kubwa haziguswi injini ikizunguka. Hewa huondolewa upande wa presha ndogo tu: kwa puto la mpira la kubinya kwa mkono palipo nalo, au kwa kuwasha na kuzima ufunguo mara kadhaa bila kupiga starta, ili pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi ijaze njia. Mengine huhitaji mashine ya fundi itoe amri hiyo. Kukubali kwamba kazi fulani imevuka kipimo cha uani ni sehemu ya ufundi.

Makosa jirani hufuata mantiki hiyo hiyo na yanaweza kutajwa kwa ufupi. Aliyetia petroli kwenye tangi la dizeli na kugundua kabla ya kuzungusha ufunguo ana bahati kubwa: tangi humwagwa, filta hubadilishwa, basi. Akiuzungusha, petroli isiyolainisha huingia kwenye pampu, na gharama hupanda kwa kila dakika ya mwendo. Aliyezidisha oili hadi juu ya alama ya kijiti hapaswi kuendesha kwa matumaini kwamba itapungua yenyewe. Ziada inaweza kupanda kwa njia ya mvuke, ikaingia kwenye silinda na kuungua kama mafuta, na injini ya dizeli iliyopata mafuta nje ya pampu yake hukimbia bila kutii ufunguo. Ziada hupunguzwa kwenye bolti ya chini, au kwa bomba jembamba kupitia tundu la kijiti. Aliyeingiza bolti hiyo ya chini upande upande na kuhisi ugumu usio wa kawaida arudi nyuma nusu mzunguko, aitoe, asafishe uzi, aianze kwa vidole. Uzi wa alumini ukiliwa, hapo kweli kipuri na fundi wa kuchonga vinahitajika. Mpaka upo kati ya kosa linalorudishika na lisilorudishika, na mara nyingi hupita katika sekunde ile ambayo mkono umehisi ugumu na ukaamua kuendelea.

Huwa kuna jambo jingine zito katika makosa ya mtu na gari lake mwenyewe, nalo ni haya. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mwenye gari hulijua hilo. Kwa hiyo linapovutwa kwa kamba hadi gereji, husema tu kwamba lilizima ghafla. Fundi naye huanza mbali: hupima betri, hufungua pampu, hutafuta kwenye nyaya. Swali lenye faida kuliko yote katika gereji ya dizeli ni moja, kabla halijagoma nini kilifunguliwa, na jibu lake linaweza kufupisha siku mbili za kazi zikawa nusu saa. Mficha uchi hazai. Hakuna aibu inayostahili kulindwa kwa bei ya pampu. Tena, aliyefungua ndiye shahidi pekee wa kilichotokea: anajua nati ipi iligoma, mpira upi ulichanika, paipu ipi ilivutwa kidogo ili kupata nafasi ya mkono. Ushahidi huo ukisemwa waziwazi unamsaidia fundi kuliko mashine yoyote ya kupimia, na asemaye amekwisha kushiriki katika kutengeneza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila mhunzi akilificha koleo lililovunjika hakuna atakayejua la kuunga.

Kosa moja lililobaki humsumbua hata mtaalamu, nalo ni tundu lisilovuja. Kutoka tangi hadi pampu, katika magari ya kizazi cha 1HZ, dizeli haisukumwi, inavutwa. Presha ndani ya paipu hiyo ni ndogo kuliko ya nje. Palipo na klipu iliyolegea au washa ya shaba iliyochoka, dizeli haidondoki hata tone. Badala yake hewa huingia. Jicho linalotafuta unyevu halioni kitu. Gari huwaka vizuri jioni, hulala, na usiku dizeli hurudi taratibu tangini huku hewa ikichukua nafasi yake; asubuhi starta hulia kwa muda mrefu kabla ya injini kushika. Dalili hii, ya asubuhi mbaya na mchana mwema, imewafanya wengi wabadilishe betri bure. Fundi mzoefu hukata shauri kwa kipande cha bomba la plastiki angavu kinachovumilia dizeli, akakiunga kwa muda kati ya filta na pampu. Mapovu yanayopita humo huonekana kwa macho. Kisha bomba huhamishiwa nyuma, kiungo kimoja baada ya kingine kuelekea tangi, mpaka mahali ambapo mapovu yapo mbele ya kiungo na hayapo nyuma yake. Hapo ndipo hewa inapoingilia.

Baada ya tundu kuzibwa hubaki usafi na majaribio. Dizeli iliyomwagika juu ya mikanda na mabomba ya mpira hufutwa na kuoshwa, kwa kuwa huivimbisha na kuiozesha mipira isiyoundwa kwa ajili yake. Iliyokingwa kwenye beseni huwekwa kwenye dumu lenye kifuniko na alama, mbali na kisima na mbali na watoto. Hairudishwi tangini ikiwa imechanganyika na maji au mchanga. Injini huachwa ingurume mpaka ipate joto, kisha gari hupandishwa mlima mmoja likiwa na mzigo, kwa sababu hewa iliyosalia hujionyesha pale injini inapodai dizeli nyingi. Likirudi, mkono mkavu hupitishwa chini ya kila kiungo kilichoguswa, na koki ya kutolea maji chini ya filta hukaguliwa kama imefungwa. Gari hulazwa usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi likiwaka kwa mizunguko ile ile michache liliyokuwa likiitaka kabla ya huduma, na likaendelea kunguruma bila pengo kwa dakika kadhaa, bomba angavu huondolewa, klipu za kudumu hufungwa, na kilomita za filta mpya huandikwa kwenye daftari la gari pamoja na kiungo kilichokuwa kikiingiza hewa.